Punje mia za kokoa: Muungano wa Tonse ulivyoonekana kutoka Kyela

Tarehe 24 Septemba 2025, Tume ya Uchaguzi ya Malawi ilipomtangaza Peter Mutharika kuwa amemshinda Rais Lazarus Chakwera, nilikuwa Kyela kwa mjomba, nyuma ya stoo yake, tunageuza kokoa kwenye turubai. Redio ilikuwa ya ng'ambo ya mto Songwe, inaongea Kichewa. Mjomba hakijui vizuri Kichewa, lakini majina anayajua na namba anazishika. Ana ndugu Karonga. Wangonde wa kule na Wanyakyusa wa huku husikilizana bila mkalimani, na dada yake mkubwa ameolewa huko tangu sijazaliwa. Juu ya hayo anauza mchele. Machi mwaka huo Malawi ilizuia mchele, unga, mahindi, ndizi na tangawizi kutoka kwetu. Aprili aliyekuwa Waziri wetu wa Kilimo, Hussein Bashe, akajibu kwa kuzuia mazao yao, kisha wakubwa wakakaa mezani, milango ikafunguliwa. Wakati wote huo magunia ya mjomba yamelala Kasumulu, mpakani, na yeye amelala karibu nayo. Kwa hiyo siasa za Lilongwe kwake si habari za kimataifa.

"Mpwa wangu, huyu mzee si ndiye yule waliyemtoa mahakamani?"

"Ndiye, mjomba."

"Na huyu anayetoka si ndiye aliyeingia na vyama tisa?"

"Ndiye."

"Sasa hao tisa wako wapi?"

Nimefundisha somo la uraia Mbeya mjini miaka kadhaa na swali hilo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza. Kitabu kinaeleza serikali ya mseto ni nini, faida zake tano na hasara zake tano, mtoto anakariri, anafaulu. Hakielezi washirika wanakwendaga wapi. Nikamwomba mjomba punje mia za kokoa iliyokwisha kukauka. Tulizihesabu mara mbili, maana yeye haamini hesabu ya mtu mmoja. Ni tabia aliyoipata kwenye mizani ya wanunuzi.

Nikatandaza gunia, nikagawa mafungu.

Thelathini na tisa

Uchaguzi wa Mei 2019. Fungu la kwanza punje 39: Mutharika wa chama cha DPP, aliyekuwa tayari ikulu. Kwa hesabu kamili ni asilimia 38.57. Fungu la pili 35: Chakwera wa MCP, asilimia 35.41. La tatu 20: Saulos Chilima wa UTM, asilimia 20.24. Huyu alikuwa makamu wa rais wa Mutharika mwenyewe. Walikosana, akaanzisha chama chake mwaka mmoja kabla ya kura. Punje sita zilizobaki ni za wengine wote, nyingi zikiwa za Atupele Muluzi, mtoto wa rais wa zamani.

"Nani kashinda?" nikauliza.

Mjomba akagusa lile la 39. Nikayakusanya mengine matatu yakawa chungu moja: punje 61. Akalitazama kwa muda.

Sisi Waswahili tuna neno letu, wengi wape. Tunalisema kwenye vikao vya harusi, kwenye vikoba, hata kwenye kuchagua mlezi wa bendi ya kanisa. Lakini hatuulizani wengi ni nani. Ni wale 39 waliozidi kila fungu moja moja, au wale 61 waliogawanyika? Pale wagombea wanapokuwa wawili swali halipo. Wakiwa watatu tu, tayari mnaweza kuwa na rais ambaye watu sita kati ya kumi walimkataa, tena kihalali kabisa. Mutharika huyohuyo alipoingia mara ya kwanza, 2014, alikuwa na asilimia 36.4. Na ukitoka Kyela ukapanda hadi Tunduma, ukavuka Nakonde, utakuta nchi iliyowahi kwenda chini zaidi: Levy Mwanawasa alishika urais wa Zambia baada ya uchaguzi wa 2001 akiwa na asilimia 29.15, huku Anderson Mazoka aliyemfuata akiwa na 27.2. Huko walikuwa wameifuta sharti la zaidi ya nusu mwaka 1996. Waliirudisha 2016.

Ngoja nirekebishe: walikuwa wamelifuta, wakalirudisha. Sharti. Mjomba angenicheka.

Kanuni hiyo ya mwenye kura nyingi kuliko wenzake tumeirithi wote kutoka kwa Waingereza, na wao bado wanaitumia kuchagua wabunge. Julai 2024 chama cha Labour kilipata theluthi moja ya kura, kikachukua viti 411 kati ya 650. Waingereza walipewa nafasi ya kuibadilisha kwa kura ya maoni mwaka 2011, wakakataa. Hilo ni lao.

Wino wa kufutia

Yaliyofuata Malawi watu wa mpakani wanayakumbuka kwa jina la wino mweupe wa kufutia makosa. Fomu za matokeo zilikuwa zimefutwa na kuandikwa upya juu ya wino huo. Chakwera na Chilima wakaenda mahakamani, kila mmoja na mawakili wake. Nje, watu waliandamana miezi na miezi wakitaka mwenyekiti wa tume, Jane Ansah, aachie ngazi. Tulishike jina hilo, litarudi.

Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano waliletwa mahakamani na wanajeshi, wamevaa fulana za kuzuia risasi. Hukumu ilichukua karibu saa kumi kusomwa. Kasoro, walisema, zilienea kiasi kwamba matokeo hayawezi kuaminika. Uchaguzi wa rais urudiwe. Hilo ndilo lililopigiwa kelele duniani, na kweli ni jambo kubwa. Lakini ndani ya hukumu hiyo kulikuwa na jingine ambalo kwa maoni yangu liliibadilisha Malawi zaidi ya lile la wino. Katiba yao inataka rais achaguliwe na wingi wa wapiga kura. Kwa miaka ishirini hivi neno hilo lilisomwa kwa maana ya kuwazidi wenzako tu. Majaji wakasema hapana, maana yake ni zaidi ya nusu: asilimia 50 na kura moja. Mahakama ya rufaa ikaithibitisha hukumu Mei. Bunge lilipojaribu kupitisha sheria ya kuendana nayo, Mutharika alikataa kuitia saini. Haikusaidia kitu, tafsiri ya mahakama ilikwishakaa.

Hapa mjomba alinikatiza. Alitaka kujua kama na sisi mtu anaweza kwenda mahakamani kumpinga rais aliyetangazwa.

Nikamwambia hapana. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inasema tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake.

"Basi endelea na ya wenzetu," akasema.

Kusogeza fungu

Sasa rudi kwenye gunia. Sharti ni punje 51. Hakuna fungu lenye 51. Mwenye 39 anahitaji 12, mwenye 35 anahitaji 16, mwenye 20 hana njia peke yake lakini ana kitu ambacho kila mmoja anakitaka. Chini ya kanuni ya zamani Chilima alikuwa mtu wa tatu, mharibifu wa kura, wa kulaumiwa. Chini ya kanuni mpya, kwa usiku mmoja, alikuwa mtu mwenye thamani kuliko wote Malawi.

Hii ndiyo kazi halisi ya sharti la nusu na zaidi, na watu wengi huikosa. Wanadhani linampa rais uhalali mkubwa, kana kwamba uhalali ni rangi ya kupakwa. Kazi yake ni kuwalazimisha wanasiasa wafanye mapatano kabla ya kura. Kwa wenzetu wanaochagua bunge kwa uwiano, kama Ujerumani, wananchi hupiga kura kwanza, vyama vinapatana baadaye. Huku mpiga kura anaiona ndoa kabla hajatoa mahari.

Machi 2020 vyama tisa vilitangaza muungano, wakauita Tonse. Hata asiyejua Kichewa analisikia neno hilo: sote. Chakwera mgombea, Chilima mgombea mwenza. Rais mstaafu Joyce Banda naye akaingia. Upande wa pili Mutharika akamchukua Atupele Muluzi awe mwenza wake.

Mjomba alisukuma fungu la 20 likaungana na la 35. "Hamsini na tano," akasema. "Imeisha."

Haikuwa hivyo hasa, na hapa ndipo napenda kukaa kidogo, kwa sababu nilipozijumlisha namba nilishangaa mwenyewe. Kura za watu hazihami kama kokoa. Mwaka 2019 Chakwera alipata kura 1,781,740 na Chilima 1,018,369. Jumla ni 2,800,109. Juni 23, 2020, wakiwa pamoja kwenye karatasi moja, walipata 2,604,043. Yaani walipokuwa maadui walikuwa na kura nyingi kuliko walipokuwa marafiki. Karibu laki mbili hazikufika. Wengine hawakurudi kituoni, wengine pengine hawakuweza kumpigia mtu waliyemkataa mwaka uliopita. Mapatano ya viongozi yana kodi yake.

Ila upande wa pili ulilipa kodi kubwa zaidi. Ukijumlisha kura za Mutharika na za Atupele za 2019 unapata zaidi ya milioni mbili na laki moja. Wawili hao pamoja, 2020, walipata 1,751,877. Pungufu ya zaidi ya laki nne. Mutharika alipata hata chini ya kura 1,940,709 alizopata peke yake mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo Tonse walishinda kwa asilimia 58.57 ya kura zilizopigwa. Muungano wao ulivuja kidogo. Wa wenzao ulitoboka.

Mjomba aliondoa punje nne kwenye lile chungu la 55, akaziweka kando. Kisha akaondoa nane kwenye la Mutharika na wenzake. "Hivi?" Hivi, takriban. Halafu akauliza zile zilizotoka zihesabiwe wapi, nikamwambia hazihesabiwi, zimekaa nyumbani.

Viti vinne

Mpaka hapa ni hadithi nzuri, na kwa miezi kadhaa Afrika nzima iliisimulia hivyo. Majaji walipewa tuzo London. Mimi mwenyewe niliifundisha kama mfano wa mfumo uliotenda haki. Makosa yangu yalikuwa kuishia siku ya kuapishwa.

Baraza la kwanza la mawaziri lilipotoka Julai 2020 lilikuwa na watu 31, na kati yao mume na mke, na kaka na dada. Watu wakanung'unika. Chilima, pamoja na umakamu, alipewa wizara ya mipango ya uchumi na mageuzi ya utumishi wa umma. Si haba. Lakini tazama alikuwa amesimama juu ya nini.

Mahakama ilifuta uchaguzi wa rais tu. Bunge lililochaguliwa Mei 2019 lilibaki vilevile, na lilichaguliwa kwa kanuni ya zamani, jimbo kwa jimbo, mwenye nyingi kuliko wenzake anachukua. Bunge hilo lilikuwa na viti 193. DPP 62. MCP ya Chakwera 55. Wagombea binafsi 55, tena msiache kushangaa hilo, maana kwetu mgombea binafsi haruhusiwi hata udiwani. Na UTM, chama cha mtu aliyepata punje 20 kati ya mia kwenye urais?

Viti vinne.

Ni kweli kwamba kura za ubunge si zilezile za urais, na kwamba UTM kilikuwa chama kichanga, watu wengi walimpenda Chilima bila kumpenda mgombea ubunge wake. Lakini pia kura zake zilitapakaa nchi nzima badala ya kulundikana sehemu moja, na mfumo wa majimbo humwadhibu anayependwa kidogo kila mahali na kumzawadia anayependwa sana mahali pamoja. Nilimwonyesha mjomba kwa kumwagia punje ishirini kwenye turubai zima. Ukitafuta pa kushika hupaoni.

Kwa hiyo fikiria hali ya Chakwera siku ya pili yake ikulu. Anahitaji wabunge 97 kupitisha bajeti. Ana 55 wake. UTM wanamwongezea wanne. Wagombea binafsi wako 55, kila mmoja na barabara anayoitaka jimboni. Atapiga simu kwa nani? Zile punje 20 zilizomwingiza ikulu hazikuwa na uzito wowote bungeni. Thamani ya Chilima iliisha kutumika jioni ile matokeo yalipotangazwa.

Hili ndilo ninaloliona kwenye kisa hiki kuliko jingine lolote: sharti la nusu na zaidi lilimlazimisha mkubwa kumhitaji mdogo hadi siku ya kura, na mfumo wa ubunge ukamruhusu kumsahau siku iliyofuata. Kanuni mbili za uchaguzi zilikaa ndani ya nchi moja zikivutana, na aliyeumia ni mshirika mdogo.

Linganisha na Ujerumani. Chama kidogo cha FDP kilipata asilimia 11.5 mwaka 2021, kikapewa viti 92, kwa sababu kule viti hufuata uwiano wa kura. Novemba 2024 walipotoka kwenye serikali ya Kansela Olaf Scholz, serikali ilipoteza wingi wake bungeni, nchi ikaenda kwenye uchaguzi wa mapema. Mshirika mdogo mwenye viti anaweza kuangusha nyumba. (Naye akaangukiwa: Februari 2025 FDP walipata 4.3, chini ya kizingiti cha asilimia 5, wakatolewa bungeni.) Sisemi kwamba huo ni utamu. Nasema kule ukimdharau mshirika unalipa.

Malawi hakuna bei hiyo. Makamu wa rais huchaguliwa kwenye karatasi moja na rais, hivyo rais hawezi kumfukuza. Lakini majukumu humpa yeye, na anaweza kuacha kumpa. Juni 2022, tuhuma za rushwa zilipomgusa Chilima, Chakwera akafanya hivyohivyo: akamwacha na cheo, akachukua kazi. Julai Chilima akaita waandishi, akasema hadharani kwamba makubaliano ya Tonse yalikuwa Chakwera akae muhula mmoja, kisha zamu iwe yake 2025. MCP hawakuliafiki hilo. Na hapo utaona udhaifu mwingine: wananchi walipigia kura majina mawili kwenye karatasi, hawakupigia kura mkataba. Novemba mwaka huo Chilima alikamatwa. Alikana mashtaka, na Mei 2024 yakafutwa. Tarehe 10 Juni 2024 ndege ya jeshi aliyokuwamo ikaanguka msitu wa Chikangawa, karibu na Mzuzu. Hakupona mtu.

Mjomba aliipunguza redio sauti. Msitu ule anaufahamu, ameupita kwa lori.

Zanzibar walijaribu njia nyingine, nayo nimeitaja kwa sababu iko nyumbani. Kura ya maoni ya Julai 2010 iliweka Serikali ya Umoja wa Kitaifa ndani ya Katiba: Makamu wa Kwanza wa Rais anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili. Mkataba haumo mfukoni mwa mtu. Lakini uchaguzi wa 2015 ulipofutwa na CUF wakasusia marudio ya Machi 2016, kiti cha Makamu wa Kwanza kilikaa kitupu hadi 2020. Hata Katiba haiwezi kumkalisha mezani aliyekataa kuingia chumbani.

Hao tisa wako wapi

Karatasi ya kura ya Septemba 16, 2025 ilikuwa na wagombea urais 17. Chakwera wa MCP. Dalitso Kabambe wa UTM. Joyce Banda. Michael Usi, aliyeshika umakamu baada ya Chilima. Wote wanne walitoka ndani ya Tonse. "Sote" ilikuwa imerudi kuwa kila mtu na lwake.

Chakwera alipata asilimia 33, chini kidogo ya zile 35 alizopata peke yake 2019. Kabambe hakufika 5. Mutharika, mwenye umri wa miaka 85, mtu aliyewahi kutawala kwa 36.4 na kutangazwa kwa 38.57, safari hii alipata 56.8, akalivuka sharti lilelile alilokataa kulitia saini. Na mgombea mwenza wake? Jane Ansah, yule mwenyekiti wa tume ya 2019. Mjomba alicheka hadi akakohoa.

Ningekuwa mwongo nikisema muungano ndio peke yake uliomwangusha Chakwera. Kimbunga Freddy kilipiga kusini Machi 2023. Kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 25 Mei 2022, kisha 44 Novemba 2023. Wabadilishaji pesa wa Kasumulu walijua kabla ya maprofesa. Mafuta yalikosekana, madumu ya petroli yakawa biashara ya bodaboda mpakani. Mtu aliyepanga foleni ya mafuta siku mbili hahitaji nadharia ya uchaguzi kumwondoa rais. Ila serikali iliyogawanyika ilikosa hata wa kugawana naye lawama.

Breki za Kitonga

"Na sisi hiyo nusu hatuna?"

Tulikuwa nayo. Mwaka 1995 Katiba yetu ilitaka rais apate zaidi ya nusu ya kura. Mabadiliko ya 13 ya Katiba, mwaka 2000, yakaliondoa sharti hilo. Ibara ya 41(6) sasa inatosheka na mgombea mwenye kura nyingi kuliko mwingine yeyote. Majirani wetu wawili, Malawi na Zambia, wametoka huko tulikokwenda sisi. Mkoa wa Songwe unapakana na wote wawili, na sijawahi kusikia jambo hili likijadiliwa kwenye mkutano hata mmoja wa hadhara.

Jibu la kawaida ni kwamba halikuwa na kazi: Benjamin Mkapa alipata karibu 62 mwaka 1995, na tangu hapo hakuna rais wa Muungano aliyeshuka chini ya nusu. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba basi linalopanda mlima Kitonga halitumii breki. Fundi anayezifungua kwa sababu hiyo nisingepanda gari lake siku ya kushuka. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza sharti lirudi. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na ndivyo ilivyo hadi leo.

Muungano wetu mkubwa, UKAWA wa vyama vinne, ulizaliwa kwenye Bunge Maalum la Katiba 2014 na ukamsimamisha Edward Lowassa mwaka uliofuata. Nyanda za juu kusini tuliuona kwa karibu, Joseph Mbilinyi akirudi bungeni Mbeya Mjini na Peter Msigwa Iringa Mjini. Lowassa alipata asilimia 39.97, John Magufuli 58.46. Kihesabu UKAWA walifanya karibu kila kitu sawa, ila fungu la Magufuli lilikuwa limeshavuka nusu lenyewe, na Ibrahim Lipumba wa CUF alijiuzulu uenyekiti kabla hata ya kura. Mwaka 2025 nani aungane na nani halikuwa swali, kwa kuwa CHADEMA hawakuwamo kwenye karatasi ya Oktoba 29.

Kitu kimoja tunacho ambacho Malawi hawana, na hatukihesabu: viti maalum vya wanawake bungeni hugawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge kwa kila chama kilichofikisha asilimia 5. Mwaka 2015 vilikuwa 113. Mama aliyempigia mgombea aliyeshindwa pale Rungwe, kura yake haikumwagika yote. Ilisaidia kumpeleka mtu Dodoma. Chilima angekuwa na utaratibu kama huo, asingekuwa na viti vinne. Ninapotaka kuwaeleza wanafunzi uwiano, naanzia hapo sasa, naiacha Ujerumani mwisho.

Simu ya mjomba iliita tukiwa tunarudisha punje kwenye turubai. Dada yake, Karonga. Walisalimiana kirefu, wakaulizana habari za mpunga, wakaulizana kama lori litavuka wiki ijayo au wasubiri mpya aapishwe. Kisha mjomba akamuuliza, kwa adabu, kwa kuwa ni mkubwa wake, alimpigia nani.

"Nimempigia wa Chilima."

"Dada, Chilima si alishafariki?"

"Ndiyo maana."